Taslimu, kadi ya benki au kadi ya mkopo yenye marudisho: ipi inakugharimu kidogo?

Ukinunua kitu cha 100 kwa kadi ya mkopo, muuzaji haingizi 100. Kwenye nchi ambazo ada za kadi hizo hazijawekewa kikomo, kama Marekani, hubaki na 98, au 97 na ushee, kutegemea kadi uliyotoa. Zile 2 au 3 zilizokatwa zinagawanywa njiani, na sehemu yake inakurudia wewe mwisho wa mwezi kwa jina la zawadi. Ujumbe unaingia: umerudishiwa 1.5. Unajiona mjanja.

Ujanja huo upo kweli, ila si kwa kila mtu wala kwa kila duka. Hapa naziweka njia za kulipa bega kwa bega, kwa swali moja tu: hesabu yote ikishapigwa, nani amelipa kiasi gani kwa bidhaa ile ile?

Kwanza maneno. "Marudisho" naita pesa ambazo kadi inakurudishia baada ya kununua. Nimelikwepa neno "marejesho" kwa sababu aliyewahi kukopa akilisikia hufikiria tarehe ya kulipa deni, na hilo ni jambo jingine kabisa. Kadi ya benki ni ile inayokata pesa moja kwa moja kwenye akaunti yako. Kadi ya mkopo ni ile ambayo benki inakulipia kwanza, nawe unailipa baadaye.

Ada inapita mikono mitatu

Kile anachokatwa muuzaji kina vipande vitatu. Kipande kinono kwa kawaida kinakwenda kwenye benki iliyokupa wewe kadi. Kingine, chembamba, kinakwenda kwenye mtandao wa kadi, yaani Visa, Mastercard na wenzao. Cha tatu ni cha kampuni inayomhudumia muuzaji, ile iliyomletea mashine ya kadi na inayomwingizia mauzo yake benki. Marudisho yako yanatoka kwenye kile kipande cha kwanza. Benki inapokea, inamega, inakupa.

Ndiyo maana kadi zenye marudisho makubwa ndizo zinazomkata muuzaji zaidi. Kadi ya kawaida ya mtandao fulani na kadi ya hadhi ya mtandao huo huo zinagongwa kwenye mashine ile ile, lakini ada zake hazilingani. Na muuzaji hana uhuru wa kuchagua, kwa sababu kanuni za mitandao kwa muda mrefu zimemtaka anayepokea kadi za mkopo za mtandao husika azipokee zote, ya kawaida na ya kifahari. Mteja akitoa kadi nzito ya rangi nyeusi, muuzaji anatabasamu tu.

Mtindo huu una umri wa kutosha. Kadi ya Discover ilipoingia sokoni Marekani mwaka 1986, moja ya vivutio vyake ilikuwa kumrudishia mteja sehemu ndogo ya kila alichotumia. Wengine wakaiga, kisha wakapandishiana dau.

Duka lenye bei moja

Hapa ndipo penye kiini cha mambo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chukua duka lenye wateja wawili tu. Mmoja analipa taslimu. Mwingine ana kadi ya mkopo inayomkata muuzaji asilimia 2 na kumrudishia mteja asilimia 1.5. Kabla ya kadi, kitu kiliuzwa 100. Muuzaji akitaka kubaki na pato lile lile, na bei iwe moja kwa wote, itabidi auze 101.

Mwenye taslimu analipa 101 na harudishiwi kitu. Amepoteza 1. Mwenye kadi analipa 101, anarudishiwa 1.5, kwa hiyo kitu kimemgharimu 99.5. Amefaidi 0.5. Benki na washirika wake walikata 2, wakarudisha 1.5, wakabaki na 0.5. Ile 1 iliyomtoka mwenye taslimu imegawanywa nusu kwa nusu kati ya mwenye kadi na benki. Yeye hakuulizwa, na risiti yake haionyeshi chochote.

Sasa tuseme mwenye taslimu anashtuka, naye anachukua kadi kama ya mwenzake. Ada inakatwa kwenye kila mauzo, bei inasogea hadi 102. Kila mmoja analipa 102, anarudishiwa 1.5, na kitu kinamgharimu 100.5. Wote wawili wana zawadi, na wote wawili wanalipa zaidi ya walivyolipa kabla zawadi haijakuwepo. Marudisho yana faida kwa mwenye nayo mradi tu kuna mtu mwingine dukani asiye nayo. Akikosekana wa kuchangia, mnabaki mnazungushiana pesa zenu wenyewe huku benki ikitoza nauli ya mzunguko.

Hesabu hii ya kwenye karatasi imewahi kupimwa. Mwaka 2010 wachumi watatu, Scott Schuh, Oz Shy na Joanna Stavins, walichapisha utafiti kupitia tawi la Boston la benki kuu ya Marekani. Walikadiria kwamba kaya ya wastani inayolipa taslimu ilikuwa inawachangia wenye kadi dola 149 kwa mwaka, na kaya ya wastani inayotumia kadi ya mkopo ilikuwa inapokea dola 1,133. Walipogawanya kwa kipato, kaya za chini kabisa, zenye dola 20,000 kwa mwaka au pungufu, zilitoa dola 21, na zile za dola 150,000 kwenda juu zilipokea 750. Takwimu hizo ni za zamani na za nchi moja, ila mwelekeo wake unaeleweka: kadi nono hupewa wenye kipato, na wasiokopesheka hubaki na noti.

Pamoja na hayo, nisimfanye mwenye taslimu kuwa malaika. Noti zinahesabiwa, zinapelekwa benki, zinaibwa, nyingine ni bandia, na chenji hutafutwa kwa shida. Gharama hizo nazo zimo ndani ya bei, na mwenye kadi anazichangia bila kuzijua. Kwenye duka ambalo taslimu inasumbua sana, pengo kati ya wateja hawa wawili ni dogo kuliko nilivyolichora.

Duka lenye bei mbili

Mambo yanageuka pale muuzaji anapoweka bei tofauti kwa njia tofauti. Anaweza kuandika 100 na kuongeza 2 kwa mwenye kadi ya mkopo, au kuandika 102 na kumpunguzia 2 anayelipa taslimu. Kihesabu ni kitu kimoja. Kimoyo si kimoja hata kidogo. Richard Thaler, aliyekuja kupata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2017, alieleza tangu 1980 kwamba kampuni za kadi zilipendelea tofauti hiyo iitwe punguzo la taslimu kuliko kuitwa nyongeza ya kadi. Kukosa punguzo hakuumi kama kutozwa nyongeza.

Sheria nazo hazifanani. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku nyongeza kwenye kadi za kawaida za wateja kuanzia tarehe 13 Januari 2018, na Uingereza ikafanya hivyo siku hiyo hiyo. Australia ilifungua mlango wa nyongeza mwaka 2003. Kanada ilifuata Oktoba 2022, kwa kikomo cha asilimia 2.4. Marekani inategemea jimbo, lakini punguzo kwa anayelipa taslimu linaruhusiwa kote.

Ukiwa mnunuzi, kipimo chako ni hiki: linganisha tofauti ya bei na asilimia ya marudisho yako. Nyongeza ni 2 na marudisho ni 1.5? Kadi imekutia hasara, japo ujumbe wa zawadi utaingia kama kawaida. Nyongeza ni 1? Kadi bado inakulipa.

Nimeweka namba za mfano wetu kwenye jedwali. Anayechelewesha deni nimemhesabia mwezi mmoja wa riba ya asilimia 20 kwa mwaka.

| Njia ya kulipa | Gharama halisi, duka la bei moja (101) | Gharama halisi, duka la bei mbili (100 au 102) |
|---|---|---|
| Taslimu | 101 | 100 |
| Kadi ya mkopo, deni limelipwa lote kwa wakati | 99.5 | 100.5 |
| Kadi ya mkopo, deni limekaa mwezi mmoja | 101.2 | 102.2 |

Mstari wa mwisho ndio wa kuangalia mara mbili. Riba ya asilimia 20 kwa mwaka ni karibu 1.7 kwa mwezi, na riba za kadi za mkopo Marekani zimekuwa juu ya 20 kwa wastani katika miaka ya karibuni. Mwezi mmoja tu unameza marudisho yote ya asilimia 1.5 na kuomba nyongeza. Tena kadi nyingi, ukishabakiza deni, hukuondolea ile nafasi ya kununua bila riba hadi utakapolipa lote, kwa hiyo hata manunuzi mapya yanaanza kuhesabiwa riba siku ile ile. Kwa mtu wa namna hii sioni haja ya kujadili kadi ipi ina marudisho bora. Yeye ndiye anayezilipia zawadi za wenzake, pamoja na yule wa taslimu.

Taslimu dhidi ya kadi, nje ya namba

Taslimu ina sifa moja ambayo haimo kwenye jedwali: inauma inapotoka. Mwaka 2001 Drazen Prelec na Duncan Simester walichapisha majaribio ya mnada wa tiketi za michezo, ambapo walioambiwa watalipa kwa kadi ya mkopo walikuwa tayari kutoa hadi mara mbili ya waliotakiwa kulipa taslimu. Tiketi zile zile. Si kila ununuzi utakuwa hivyo. Hakuna anayelipia sabuni mara mbili kwa sababu ana kadi. Ila ukijijua kwamba mkono wako ni mwepesi, asilimia 1.5 ni fidia ndogo mno kwa asilimia 10 ya vitu ambavyo usingevinunua.

Upande wa pili, kadi ya mkopo ina kinga ambayo noti haina. Uingereza, kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya wateja ya 1974 kinamfanya mtoa kadi abebe lawama pamoja na muuzaji kwa bidhaa yenye bei ya zaidi ya pauni 100 hadi 30,000. Muuzaji akifilisika kabla ya kukuletea mzigo, unaidai benki. Marekani nayo ina sheria ya kumlinda mwenye kadi ya mkopo anayepinga tozo. Kwa ununuzi mkubwa wa mbali, kwa muuzaji usiyemjua, kinga hiyo ni sababu nzito ya kutumia kadi kuliko marudisho yenyewe, na ningeilipia hata nyongeza ya asilimia 1 bila kunung'unika.

Kadi ya benki: mtoto wa kati

Mara nyingi kadi ya benki inamkata muuzaji kidogo kuliko kadi ya mkopo, hairudishi kitu au inarudisha kiduchu, na haikuingizi kwenye deni. Kwenye duka la bei moja unalipa sawa na mwenye taslimu, hivyo nawe unamchangia mwenye kadi ya mkopo. Kwenye duka la bei mbili, angalia upande upi umewekwa, maana wengine huihesabu pamoja na taslimu na wengine huitupa kwenye kapu la kadi zote.

Kisa chake Marekani kinafundisha. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2011, sheria inayoitwa kwa jina la seneta Durbin iliweka kikomo kwenye ada inayokwenda kwa benki kubwa, zile zenye mali ya dola bilioni 10 na zaidi, kila kadi ya benki inapotumika: senti 21, pamoja na asilimia 0.05 ya mauzo, na senti 1 zaidi kwa benki inayotimiza masharti ya kuzuia ulaghai. Wastani ulishuka kutoka karibu senti 44 hadi karibu 24. Marudisho ya kadi za benki kwenye benki hizo yakatoweka karibu mara moja, jambo linalothibitisha yalikuwa yanatoka mfuko gani.

Je, bei za madukani zilishuka? Tawi la Richmond la benki kuu ya Marekani lilihoji wafanyabiashara. Asilimia 1.2 tu walisema wamepunguza bei, 21.6 walisema wamepandisha, na waliobaki hawakugusa kitu. Sehemu ya sababu ni kwamba wauzaji wa vitu vidogo vidogo walikuwa wakilipa chini ya senti 21 hapo awali. Kikomo kilipokuja, mitandao ikakifanya kuwa ndiyo bei. Kwa hiyo tahadhari na hesabu yangu ya wateja wawili: nilisema bei inapanda kwa kiasi kile kile cha ada, lakini maisha hayana haraka hiyo. Ada ikipanda, muuzaji ana sababu ya kupandisha bei kesho. Ikishuka, anaweza kukaa na faida hadi mshindani amlazimishe.

Kutuma moja kwa moja

Njia ya nne inakua kwa kasi: pesa kutoka akaunti hadi akaunti kwa simu, bila mtandao wa kadi katikati. Brazili ina Pix, iliyoanzishwa na benki kuu yake Novemba 2020 na isiyomtoza mtu binafsi. India ina UPI tangu 2016, na tangu Januari 2020 muuzaji hakatwi ada kwa malipo ya kawaida yanayotoka kwenye akaunti ya benki. Ada ikiwa sifuri hakuna cha kumega, hivyo usitegemee marudisho ya kudumu. Ukiyaona, ni mtu anachoma pesa za kutafuta wateja. Udhaifu wake ni kinga: pesa ikishatoka, kuirudisha kutoka kwa tapeli ni kazi.

Marudisho ya pesa au pointi?

Pesa. Pointi zina thamani anayoamua aliyezitoa, anaweza kuipunguza bila kukuuliza, na nyingine huisha muda kabla hujazitumia. Wanaosafiri sana kwa ndege na wanaopenda kuchimba kanuni huzipata faida kubwa. Wengine wote wachukue pesa.

Pale ada zilipobanwa

Umoja wa Ulaya uliweka kikomo Desemba 2015: ile ada inayokwenda kwa benki ya mteja isizidi asilimia 0.2 kwa kadi ya benki na 0.3 kwa kadi ya mkopo. Huwezi kurudisha asilimia 1.5 kutoka kwenye 0.3, kwa hiyo huko marudisho manono ni adimu, na yakiwepo huwa na ada ya mwaka nyuma yake au duka fulani linaloyagharamia. Australia iliyatangulia haya mwaka 2003, iliposhusha ada ya kadi za mkopo kutoka karibu asilimia 0.95 hadi karibu 0.55. Pointi zikapungua thamani, ada za mwaka zikapanda.

Ukiishi kwenye nchi ya namna hiyo, uamuzi wako ni mwepesi, kwa sababu tofauti kati ya njia za kulipa ni ndogo: tumia inayokufaa kwa usalama na nidhamu ya matumizi. Ukiishi kwenye nchi isiyo na kikomo, tofauti inaweza kufika asilimia 2 ya kila unachonunua, na hapo kuchagua kuna maana.

Ningechagua nini

Kwenye duka la bei moja, kama unalipa deni lote kila mwezi bila kukosa, chukua kadi ya mkopo yenye marudisho ya pesa na isiyo na ada ya mwaka. Najua nimetoka kueleza kwamba faida hiyo inatoka kwa mwingine. Lakini wewe mmoja ukiikataa, bei haitashuka kwa yule wa taslimu. Benki itabaki na sehemu yako tu. Mwenye uwezo wa kulibadilisha hilo ni mtunga sheria, au muuzaji mkubwa sana. Costco, kwa mfano, kwenye maduka yake ya Marekani hupokea kadi za mkopo za Visa pekee tangu Juni 2016, baada ya miaka ya kupokea za American Express pekee. Muuzaji mdogo hana ubavu wa mazungumzo kama hayo, na ukitaka kumsaidia, mlipe kwa njia inayomkata kidogo, hasa kwenye ununuzi mdogo ambapo ile sehemu ya ada isiyobadilika inauma kuliko asilimia.

Kama deni hukaa hata mwezi mmoja kwa mwaka, nenda na kadi ya benki au taslimu na usahau marudisho hadi litakapokwisha.

Na kama hujui duka lina bei ngapi, uliza kabla ya kutoa kadi: "Nikilipa taslimu ni kiasi gani?" Ukiambiwa bei ile ile, gonga kadi. Ukitajiwa bei ya chini, toa moja kwa nyingine kichwani, na tofauti ikizidi marudisho yako, toa noti.